Kabla hujakata neno la Kiingereza: namna ya kupambanua kosa na tofauti

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya kusahihisha maandishi ya Kiingereza, nilipewa mswada wa mwandishi wa Kimarekani. Kila nilipokutana na neno "gotten" nililipiga mstari mwekundu na kuandika juu yake "got". Ndivyo nilivyofundishwa: "gotten" ni Kiingereza kilichooza, tabia ya watu wa filamu. Niliurudisha mswada nikiwa na hakika kwamba nimemwepushia mwandishi aibu.

Jibu lake lilikuwa la upole, nami hulikumbuka kila ninaposhika kalamu. Alinionyesha sentensi moja tu. Yeye aliandika "They've gotten a dog", mimi nikaigeuza kuwa "They've got a dog". Kwa Mmarekani, ya kwanza inasema watu wale wamepata mbwa, pengine jana au juzi. Ya pili inasema wana mbwa, awe wa jana au wa miaka kumi. Hadithi yake yote ilikuwa imesimama juu ya mbwa aliyeletwa nyumbani wiki ileile, na mimi kwa mstari mmoja nilikuwa nimeifuta habari hiyo. Akaongeza kwamba neno lenyewe lilikuwapo Uingereza tangu Zama za Kati, wahamiaji wakavuka nalo bahari, kisha Waingereza wenyewe wakaliacha. Wamebaki na masalia yake katika "forgotten" na "ill-gotten".

Tangu hapo sikati neno kabla sijaliuliza maswali. Maswali hayo ndiyo mwongozo huu, kwa mpangilio ninaoutumia mezani. Nimeuandika kwa ajili ya wanaohariri, wanaofasiri, wanaofundisha, na kila anayeandika Kiingereza kitakachosomwa na wengine huku akisikia kila siku, au akisema mwenyewe, kwamba lugha hiyo imeharibika.

Mjue kwanza mwandishi na msomaji wake

Soma kurasa mbili tatu bila kalamu mkononi. Tazama tahajia: "colour" au "color", "centre" au "center", "traveller" yenye l mbili au "traveler" yenye moja, "defence" au "defense". Tazama alama za nukuu. Mmarekani huweka nukta na mkato ndani ya alama ya kufungia hata kama havikuwa sehemu ya maneno yaliyonukuliwa. Mwingereza kwa kawaida huviacha nje isipokuwa ni vya msemaji mwenyewe. Tazama kama kuna nukta baada ya "Mr". Tazama vitenzi: "I already ate" ni kawaida kabisa Marekani, ilhali Mwingereza hupendelea "I've already eaten". Tazama nomino za makundi pia, maana "the team are" karibu daima humtambulisha mtu wa Uingereza.

Ukishajua upande, andika kwenye karatasi: tahajia ipi, kamusi ipi, tarehe zinaandikwaje, nukuu zinafungwaje. Mimi huandika mistari minne au mitano na kuibandika mbele yangu mpaka kazi iishe. Msomaji wa London hawezi kudhurika kwa kuona "color", wala wa Chicago kwa kuona "colour". Wote wawili watajua kwamba kazi haikusimamiwa wakikuta "color" ukurasa wa 3 na "colour" ukurasa wa 9.

Nimewasikia watu, tena wasomi, wakisema tahajia ya Kimarekani ilitokana na uvivu. Haikutokana na uvivu hata kidogo. Noah Webster, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mtunga kamusi, aliikusudia. Alitoa kamusi yake ya kwanza mwaka 1806 na ile kubwa mwaka 1828, akachagua "color", "center" na nyinginezo kwa hoja kwamba taifa jipya lilihitaji tahajia nyepesi na ya kwake. Nyingi ya tahajia hizo hakuzibuni. Zilikuwa zikiandikwa Uingereza pia, zikishindana na zile nyingine, na kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ndiyo iliyosaidia kuuimarisha upande wa "colour" na "centre". Webster alitaka pia "tung" badala ya "tongue" na "wimmen" badala ya "women". Hizo watu walizikataa, pamoja na heshima yote waliyompa.

Nikae kidogo juu ya mtego mmoja, kwa sababu huwanasa hata wazoefu: mwisho wa "-ize". Mtu akiona "organize" katika maandishi yaliyotangazwa kuwa ya Kiingereza cha Uingereza, mara anaanza kubadilisha kila z kuwa s. Asifanye haraka. Kampuni ya uchapishaji ya Chuo Kikuu cha Oxford imetumia "-ize" kwa muda mrefu, na kamusi yake kubwa, iliyoanza kutoka kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, inaandika hivyo, kwa hoja kwamba kiambishi chenyewe kinatoka Kigiriki na kilikuwa na z. Umoja wa Mataifa nao huandika "organization" papo hapo pamoja na "programme" na "colour". Kwa hiyo "organize" haitoshi kukuambia mwandishi ni wa upande gani. Tazama "analyse": wafuasi wa Oxford huiandika kwa s, kwa kuwa haikujengwa kwa kiambishi kilekile, ilhali Mmarekani huandika "analyze". Tena kuna maneno yasiyokubali z kokote duniani: "advertise", "advise", "exercise", "surprise", "televise". Anayebadilisha kwa kubonyeza kitufe kimoja cha kompyuta, akigeuza kila "-ise" kuwa "-ize", atazalisha makosa ambayo hayakuwapo. Badilisha moja moja, kwa macho.

Maneno yenye sura moja na maana mbili

Nguvu zako nyingi ziende hapa. Tahajia ikikosewa msomaji anaudhika. Maana ikigeuka msomaji anapotea, na mara nyingi hajui kwamba amepotea.

Niliwahi kufasiri kumbukumbu za kikao cha shirika ambalo wajumbe wake walitoka nchi mbalimbali. Sentensi moja ilisema "The motion was tabled". Kwa Kiingereza nilichojifunza, hoja ikiwa "tabled" imewekwa mezani ijadiliwe, na hata Kiswahili chetu cha mabunge husema hati imewasilishwa mezani. Nikaandika kwamba hoja iliwasilishwa. Katibu aliyeandika kumbukumbu zile alikuwa Mmarekani, na kwa Mmarekani neno hilo ni kinyume: hoja imewekwa kando, haitajadiliwa sasa, na pengine haitajadiliwa kabisa. Wajumbe waliosoma tafsiri yangu walikuja kikao kilichofuata wakiwa wamejiandaa kuitetea hoja iliyokwisha kuzikwa. Nililazimika kuwaandikia barua kueleza kosa langu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wakubwa zaidi yangu waliteleza papo hapo. Winston Churchill alisimulia katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia jinsi maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana muda mrefu, tena kwa ukali, juu ya waraka mmoja. Waingereza walitaka ku-"table" waraka huo kwa sababu ulikuwa wa haraka, Wamarekani wakakataa katakata kwa sababu waliuona ni wa muhimu mno kuwekwa kando. Walikuwa wanataka jambo lilelile.

Neno la pili la kuliogopa ni dogo: "quite". Barua ya kumpendekeza mtu kazini ikisema "She is quite good", Mmarekani anasoma kwamba ni hodari sana. Mwingereza anasoma kwamba si mbaya, anafaa kiasi. Kibarua cha mtu kinaweza kuota nyasi kwa herufi tano. Nikilikuta kwenye barua ya namna hiyo silibadilishi kwa kubahatisha. Namwuliza mwandishi anamaanisha kiwango gani, kisha tunaliondoa kabisa na kuweka neno lisilo na utata.

"Momentarily" kwa Mwingereza ni kwa kitambo kifupi. Kwa Mmarekani mara nyingi ni punde tu. Rubani akitangaza kwamba ndege itatua "momentarily", abiria wa upande mmoja anafunga mkanda, wa upande mwingine anajiuliza kwa nini itatua na kuruka tena. "First floor" Marekani ni sakafu iliyo sawa na ardhi. Uingereza ni ya juu yake, ile ambayo ukifika umekwisha kupanda ngazi. Galoni ya Uingereza ni lita 4.5 na kidogo, ya Marekani ni lita 3.8 hivi, na anayefasiri maelekezo ya kuchanganya dawa au mafuta asipite hapo bila kusimama. Tarehe 4/7 ni Julai au Aprili kutegemea nani aliyeiandika. Dawa yake ni kuuandika mwezi kwa jina, kila mara, hata kama inaonekana kupoteza nafasi.

Tarakimu nazo zina historia yake. Katika Kiingereza cha Uingereza "billion" kilikuwa milioni mara milioni, mpaka serikali ya huko ilipotangaza mwaka 1974, chini ya Waziri Mkuu Harold Wilson, kwamba katika takwimu zake neno hilo litakuwa na maana ya milioni elfu moja kama Marekani. Ukisoma kitabu cha Kiingereza kilichochapwa London kabla ya hapo, usiandike "bilioni" mpaka umekagua hesabu. Na ukipokea maandishi ya Kiingereza kutoka India utakutana na "lakh", ambayo sisi tunaijua vizuri maana ndiyo laki yetu, 100,000, pamoja na "crore", yaani milioni 10. Watu wa India huweka hata mkato mahali pengine, wakaandika 1,00,000. Nimewaona wahariri wakidhani ni kosa la kuchapa na kuongeza sifuri. Hilo ni kosa kubwa kuliko lolote waliloliwazia.

Kanuni ninayoifuata hapa ni fupi: neno lenye maana mbili halisahihishwi, linaulizwa.

Liulize lalamiko umri wake

Mtu akikuambia kwamba Kiingereza kinaporomoka, mwombe neno moja. Usijadili kuporomoka kwa jumla jumla, hamtafika. Chukua neno alilokupa, ufungue kamusi ya kihistoria, ile inayoonyesha mwaka wa kwanza neno lilipoonekana katika maandishi kwa kila maana, na usome mifano kutoka ya zamani kuja ya sasa.

Chukua "literally" inapotumiwa kutilia mkazo jambo ambalo halikutokea kweli. Wengi wanaihesabu kuwa ugonjwa wa vijana wa simu. Mfano wake umo katika maandishi ya mwaka 1769. Chukua "fall" kwa maana ya majira ya majani kupukutika, ambayo Mwingereza huiona ya Kimarekani: ilisemwa Uingereza kabla haijavuka bahari. Chukua "soccer", ambayo mashabiki wa Uingereza wanaichukia. Ilizaliwa Uingereza kwenyewe mwishoni mwa karne ya 19, kwa kufupisha "association". Chukua "aks" badala ya "ask", matamshi ambayo watu weusi wa Marekani na wa visiwa vya Karibi wamedharauliwa kwa ajili yake mpaka leo. Biblia ya Kiingereza iliyotolewa na Coverdale mwaka 1535 inaandika "axe" pale Yesu anaposema ombeni nanyi mtapewa. Hili la mwisho linanigusa kuliko mengine, kwa sababu watu wamenyimwa kazi na kuchekwa darasani kwa sauti ambayo iliwahi kusomwa kanisani.

Ukitaka kuona kwamba malalamiko yenyewe ni ya kale, msome William Caxton, aliyeleta uchapaji vitabu Uingereza mwaka 1476. Katika dibaji aliyoiandika mwaka 1490 anasimulia habari ya wafanyabiashara waliokwama kwa kukosa upepo wakielekea Zeeland, pwani ya Uholanzi. Wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja akaingia nyumbani kwa mwanamke, akaomba "egges", mayai. Mwanamke akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule bwana akakasirika, kwa kuwa hata yeye hakujua Kifaransa. Ndipo mwenzake akaomba "eyren", na mwanamke akasema sasa ameelewa. Yote mawili yalikuwa Kiingereza: moja lilitoka kwa watu wa Skandinavia waliokuja na meli zao, jingine lilikuwa la wenyeji. Caxton anauliza, mtu aandike lipi? Alikuwa na mtambo wa kuchapa na wasomaji wa kila eneo, akawa hana jibu. Kila mhariri amerithi meza ile.

Mwandishi Jonathan Swift naye mwaka 1712 alimwandikia Waziri wa Hazina waraka akitaka iundwe jumuiya ya kuirekebisha lugha na kuizuia isibadilike. Miongoni mwa yaliyomkera ni watu kufupisha "disturbed", wakitamka silabi mbili mahali pa tatu. Leo hakuna mtu duniani anayeitamka kwa silabi tatu, wala hakuna anayehisi kwamba amepungukiwa. Johnson alipoanza kamusi yake alitumaini kuifunga lugha isisogee. Alipoimaliza, mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba jambo hilo haliwezekani. Nampenda kwa kukiri kule, baada ya kazi ya miaka mingi.

Kamusi ikikuacha na shaka, nenda kwenye mikusanyiko ya matini. Upo wa Kiingereza cha Uingereza wenye maneno milioni 100, upo wa Marekani uliozidi bilioni moja, na ipo zana ya Google ya kuchora mstari wa neno mwaka kwa mwaka katika vitabu, ikitenganisha Uingereza na Marekani. Tafuta neno lako, lakini usiishie kwenye mchoro. Fungua sentensi kumi au ishirini uzisome. Katika vitabu vya karne ya 18 herufi s iliandikwa kwa umbo refu, na kompyuta nyingi huisoma kama f, hivyo "same" inaweza kuhesabiwa kuwa "fame". Mchoro hautakuambia hilo.

Mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho

Sentensi hii niliipata mwaka huu: "Each student should bring their book." Msahihishaji aliyenitangulia alikuwa amepiga mstari chini ya "their" na kuandika pembeni kwamba ni kosa, "each" ni umoja na "their" ni wingi, liwekwe "his".

Nilifanya hivi. Kwanza, upande: mwandishi anafuata Kiingereza cha Uingereza, na pande zote mbili za bahari hutumia "they" namna hii, hivyo tofauti ya nchi haimo. Pili, maana: je, msomaji anaweza kudhani kila mwanafunzi alete kitabu cha wote? Katika aya ile, hapana. Vitabu viligawiwa kimoja kimoja. Tatu, umri: matumizi ya "they" kwa mtu mmoja asiyetajwa jinsia yana ushahidi wa mwaka 1375. Shakespeare aliyatumia, Jane Austen aliyatumia. Nne, mwongozo wa mchapishaji: haukukataza. Kwa hiyo niliirudisha "their" na kueleza kwa mistari miwili kwa nini.

Sisi wenye "yeye" moja isiyobagua mwanamume na mwanamke hatuuoni mara moja uzito wa jambo hili. Kwa mwanafunzi wa kike anayesoma "his" kila ukurasa, uzito upo. Na anayesema kwamba nomino ya umoja haiwezi kuvaa kiwakilishi cha wingi akumbuke kwamba "you" yenyewe ilikuwa ya wingi, umoja ukiwa "thou". Mwaka 1660 George Fox, mwasisi wa dhehebu la Kikristo la Wakwekari, alitoa kitabu kizima cha kuwakemea wanaomwambia mtu mmoja "you". Leo karibu Kiingereza chote kinasema hivyo.

Makatazo yasiyo na mzizi

Haya nitayapita haraka. Kwamba sentensi isiishie na kihusishi: mshairi John Dryden alilitoa lalamiko hilo mwaka 1672 dhidi ya mwandishi aliyekwisha kufariki, na Waingereza wameendelea kuishia na vihusishi. Kwamba usiweke neno kati ya "to" na kitenzi: lalamiko la karne ya 19, juu ya jambo lililokuwa likiandikwa tangu Zama za Kati. Kwamba "less" isiguse vitu vinavyohesabika: Robert Baker alilitaja mwaka 1770, tena kama jambo analoliona yeye kuwa la kupendeza zaidi. Kwamba "hopefully" isimaanishe "natumaini": shirika la habari la Associated Press lililegeza katazo lake mwaka 2012.

Mchapishaji akitaka yafuatwe, yafuate, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kitabu. Ila usimwambie mwandishi kwamba hajui Kiingereza.

Makosa yapo

Nisieleweke vibaya. Ninakijali kiwango, na ndiyo sababu ninakerwa nikiona nguvu zikitumika kuwinda "gotten" huku makosa ya kweli yakipita. "Could of" ni kosa: mtu amesikia "could've" na kuandika alichosikia, na hakuna upande wowote wa bahari unaoikubali katika maandishi yaliyohaririwa. "It's" mahali pa "its" ni kosa leo, ingawa watu wa kale waliwahi kuandika hivyo. Mwafaka umekwisha kupatikana na msomaji anautegemea. Kirai kinachoning'inia ni kosa baya zaidi kwa sababu kinasema uongo: "Walking to the office, the rain started" inaipa mvua miguu. "I look forward to hear from you" inapaswa kuwa "hearing", na kosa hili limejaa katika barua za watu waliosoma sana, kwa kuwa hawakuambiwa kwamba "to" hiyo ni kihusishi.

Kuna pia sentensi ambazo sarufi yake ni safi na bado zinadanganya. "She insisted that he left early." Alisisitiza kwamba kweli aliondoka mapema, au alishikilia kwamba ni lazima aondoke mapema? Mmarekani kwa maana ya pili ataandika "that he leave", umbo la kale ambalo Uingereza nyingi imelilegeza, na utata unaisha. Hapa hao wanaotuhumiwa kuharibu ndio waliohifadhi. Nikikutana na sentensi kama hiyo katika Kiingereza cha Uingereza huongeza "should", na kila mtu anaelewa.

Vipimo vyangu vya kosa ni viwili. Je, msomaji anayekusudiwa ataelewa kitu kingine, au atalazimika kurudia? Je, hakuna jamii yoyote ya wasemaji, popote, inayoliandika neno hili hivi katika maandishi yake iliyoyatunza? Jibu likiwa ndiyo kwa la kwanza, rekebisha au uliza. Likiwa ndiyo kwa la pili pekee, rekebisha kwa upole. Neno la India "prepone", yaani kuiwahisha tarehe iliyopangwa isogee karibu, lilikuwa likinikera mpaka nilipojaribu kulieleza kwa Kiingereza kingine na kuona nahitaji maneno manne. Kamusi kubwa zimekwisha kulipokea.

Namna ya kuandika pembeni

Lugha ya maelezo yako ina uzito kuliko mstari mwekundu. Sizitumii tena "wrong" wala "bad English". Naandika: "Mchapishaji anafuata tahajia ya Uingereza, nimebadilisha kote." Au: "Msomaji wa Marekani ataelewa kwamba hoja imeahirishwa. Ndivyo ulivyokusudia?" Au: "Kamusi fulani inakubali yote mawili, umetumia hili ukurasa wa 12 na lile ukurasa wa 40. Tuchague." Mwandishi akisoma hayo anapata sababu anayoweza kuipima, na anaweza kukataa bila kugombana nawe. Nimegundua pia kwamba kuandika sababu hunizuia mimi. Mara nyingi nimeanza kuandika kwa nini neno ni kosa, nikafika katikati ya sentensi na kuona sababu niliyonayo ni kwamba mwalimu wangu hakulipenda. Hapo nalifuta lile andiko langu, neno la mwandishi linabaki.

Limebaki neno moja ambalo bado linanipa taabu. "Disinterested" nilifundishwa kuwa ni mtu asiye na maslahi katika jambo, kama hakimu anavyopaswa kuwa. "Uninterested" ni asiyejali. Watu wengi sasa hutumia la kwanza kwa maana ya la pili, na mimi huumia, kwa kuwa dunia inawahitaji mahakimu wasio na maslahi na inahitaji neno la kuwaita. Nimekwenda kwenye kamusi na kukuta kwamba maana ya kutojali ni ya kale pia, ya karne ya 17. Kwa hiyo siwezi kuliita kosa. Katika maandishi yangu nautunza ule mpaka, na katika ya wengine nauliza. Wiki hii linanisubiri moja, katika ripoti juu ya baraza la usuluhishi: "The chair remained disinterested throughout." Sijui kama mwenyekiti yule anasifiwa au anashtakiwa. Nimempelekea mwandishi swali, na mstari ule sijaugusa.